Sikio la Jumamosi

Siku tuliyomzika Papa Anselme nilikuwa nimemaliza sahani nzima ya sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, na nimeanza ya pili, mpaka Odile alipokuja kuketi karibu yangu. Hapo nikaisukuma sahani kando. Ilikuwa saa tisa mchana, katika ukumbi wa kukodi kule Saint-Josse, Brussels, wenye meza za plastiki na taa nyeupe zinazomfanya kila mtu aonekane mgonjwa. Odile alikaa kwanza kulia kwangu, kisha akahamia kushoto, kwa sababu sikio lake la kushoto halisikii tangu zamani na yeye hupenda kumwekea mtu lile zima. Mama mmoja aliyekuwa akigawa chakula akamwuliza, kwa nia njema kabisa, "Maman Odile, na mudogo yako, hakukuya kuzika?" Odile akajibu bila kuinua macho, "Miye siko na mudogo." Yule mama alipokwisha kupita, akaniinamia. "Aliniuzisha kwa Théo. Weye unajua, Béa. Ulikuwa pale." Nikasema, "Ndiyo, yaya," kama tunavyomwita dada mkubwa. Nilikuwa nimelisema jibu hilo zaidi ya miaka ishirini na tano, kila aliponiambia maneno hayo, na kila mara lilitoka laini, bila kukwaruza koo. Mdogo wake, Clarisse, yuko Liège, mwendo wa saa moja kwa treni. Siku ile alituma maua na hakuja, kwa kuwa alisikia kwamba dada yake atakuwepo. Na Clarisse hakumuuza mtu. Aliyemuuza Odile kwa mumewe ni mimi.

Anayetaka kujua baba yangu alifanya kazi gani na tulikuwa watoto wangapi atafute sura nyingine ya kumbukumbu zangu. Hii ni ya mwaka mmoja tu, katikati ya miaka ya tisini, tulipokuwa bado Wazaire kwenye karatasi zetu na mkate ukinunuliwa kwa faranga za Ubelgiji. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Wazazi niliowaacha nyumbani walijua nasomea uuguzi. Kwa kweli nilikuwa nashinda ghorofa ya pili, juu ya duka la mapazia hapohapo Saint-Josse, katika redio ndogo ya jamii yenye vyumba viwili, kuta zake zimebandikwa trei za mayai ili sauti isirudi. Kulikuwa na harufu ya kahawa iliyoungua na ya vumbi linalopata joto juu ya mashine. Papa Anselme ndiye aliyekuwa mfalme wa vyumba hivyo. Huko Lubumbashi alikuwa fundi wa sauti. Huku Brussels alikuwa mlinzi wa maegesho ya magari siku tano za wiki, na fundi wa sauti siku mbili zilizobaki. Alikuwa mfupi, mkali, mwenye masikio madogo ajabu kwa mtu aliyeishi kwa masikio.

Siku moja, katika soko la vikuukuu la Marolles, alikuta sanduku la kanda za michezo ya redio ya Marekani, ya zamani sana, ya enzi ambazo watu walikaa mbele ya redio kama tunavyokaa leo mbele ya televisheni. Ilikuwa michezo ya wapelelezi. Wanaume wanaoongea kwa pembe ya mdomo, wanawake wanaodanganya kwa sauti nzuri, mvua, viatu, bastola, na mlango, mlango, mlango. Papa Anselme hakujua Kiingereza hata neno moja, na mimi nilijua machache ya shuleni. Hilo halikumsumbua. Aliweka kanda, akafumba macho, akaisimamisha ghafla na kuniuliza kama mwalimu.

"Ule muntu mwenye anaingia, iko mu nyumba yake?"

"Sijue, papa."

"Sikia mukono. Anatafuta poignée, ile ya kufungulia mulango. Muntu ya nyumba hatafute, mukono yake inajua. Donc, ule ni mugeni. Na ule bibi mwenye anamufungulia alikuwa anamungojea, juu mulango ilifunguka mbele amalize kugonga. Unaona? Hatujasikia hata mot moja ya Kiingereza na tayari tunajua kama bwana ya ule bibi iko na matatizo."

Ndivyo nilivyofundishwa kazi. Aliniachia niwaandikie wale Wamarekani maneno ya Kiswahili, nikifuata mwendo wa sauti zao, na katika majira ya baridi ya mwaka ule tukawa na mchezo wetu wenyewe. Mpelelezi wetu aliitwa Komiseri Chanda, Mkatanga aliyefukuzwa kazi ya polisi kwa kosa la kukataa hongo, anayetafuta waliopotea katika mitaa ya Matonge, kwa Waafrika wa Brussels, akiwa na koti la mvua lisilozuia mvua. Kila Jumamosi saa kumi na moja jioni alianza vilevile: "Mvula inanyesha tangu siku ya mardi. Niko na cigarette moja na maadui mbili." Sauti ilikuwa ya dereva mmoja wa teksi mwenye kikohozi, mvua ilikuwa mchele juu ya sinia, moto ulikuwa karatasi ya biskuti niliyoikunja karibu na kipaza sauti. Komiseri hakuwa mtu wa kupiga ngumi. Alikuwa na hila moja, nami ndiye niliyeibuni, nikajisifia wiki nzima: hakuuliza swali. Alisema jambo kana kwamba analijua, kisha akanyamaza. Watu wetu hawavumilii kimya mbele ya mgeni, huona kama utovu wa adabu, kwa hiyo humjazia. Wauaji watatu walikamatwa hivyo katika miezi miwili.

Kufikia Pasaka, saluni za Matonge zilikuwa zikizima muziki saa kumi na moja ya Jumamosi. Sifa zikanipanda kichwani. Nikaanzisha shindano baada ya kila mchezo, tukaliita Sikio la Jumamosi: tunapiga sauti ya sekunde chache niliyoinasa mahali fulani mjini, msikilizaji anapiga simu kusema ni wapi, na anayepata anapewa kaseti. Papa Anselme alikubali kwa sharti moja, na sharti hilo alikuwa nalo tangu Lubumbashi. Sauti ya barabarani ni ya kila mtu, alisema, lakini sauti ya ndani ya nyumba ni ya mwenye nyumba. "Hauwezi kuingia kwa muntu na kubeba kiti yake bila kumuomba. Na sauti ni kiti." Niliitikia kwa kichwa. Wakati ule nilikuwa nikiitikia sana kwa kichwa.

Odile alikuwa amenizidi miaka kumi na mbili. Nilipofika Brussels bila mtu, yeye na mdogo wake Clarisse ndio walionipokea. Odile alinilisha kila Jumapili bila kunihesabia, na mara mbili tatu nilikula mezani kwake, Ixelles, mumewe akiwa ameketi kichwani mwa meza. Tulimwita Papa Théo. Alikuwa mtu nadhifu, mzee wa kanisa, mwenye sauti ya upole, na alikuwa akiniita "mademoiselle" kwa kuivuta kila silabi kama anayeonja mchuzi. Alikuwa akimpiga Odile mahali ambapo nguo hufunika. Mwezi wa pili wa mwaka ule alimpiga mahali ambapo nguo haifuniki, na Odile akatoka na mfuko mmoja akiwa amevaa kandambili. Clarisse alimtafutia chumba Koekelberg, juu ya nyumba ya mashine za kufulia nguo, karibu sana na Basilika. Mimi nilisaidia kupandisha godoro. Tuliapa watu watatu, mikono juu ya lile godoro, kwamba anwani ile haitatoka midomoni mwetu. Odile akasema, "Akinipata hii mara, sitakuwa tena na nguvu ya kutoka." Hakusema kwa kulia, alisema huku akipanga sufuria.

Nilikipenda chumba kile kuliko nyumba zote nilizozijua. Chini mashine zilizunguka kutwa, na sakafu ilikuwa ya moto hata tuvue soksi. Odile alipika bukari, ugali wetu, kwenye jiko la umeme la jicho moja, kwanza bukari, kisha mboga, kisha bukari tena kupashwa, na tulikula kwenye ubao wa pasi kwa kuwa hapakuwa na meza. Alikuwa akisafisha ofisi hadi saa moja jioni siku za Jumamosi, na siku nyingine aliwapigia watu pasi mashati kwa malipo. Akipiga pasi aliimba wimbo wa kanisani kwa pua, polepole, na kila mara aliukatiza palepale, kabla ya kiitikio, ili alambe kidole na kugusa chuma. Tss. Kisha akaendelea. Hakujua kwamba anafanya hivyo. Nilimwambia siku moja tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Alikuwa ameanza kunenepa. Alikuwa amejiandikisha kozi ya jioni ya kutunza wazee, akanunua na daftari, na kwenye ukurasa wa kwanza ameandika jina lake la usichana.

Kwa ajili ya mchezo wa mwezi wa tano nilihitaji sauti ya chumba cha shahidi aliyejificha. Sikutaka kuibuni. Wanawake wangapi wa Brussels walikuwa wamejificha vyumbani kama kile, nikawaza, na ni nani atakayejua? Basi Jumatano moja nilikwenda kwa Odile na kinasa sauti kidogo ndani ya mkoba, nikakiwasha chini ya ubao wa pasi, nikamwacha apige pasi. Sikumwomba ruhusa. Nilijiambia kwamba mtu akijua ananaswa huacha kuishi, huanza kuigiza, na hilo ni kweli. Lakini kweli nyingine ni kwamba nilijua angekataa. Kanda ilitoka nzuri mno: mashine zikinguruma chini, kengele kubwa ya Basilika ikigonga karibu hata vikombe vikalia, na katikati yake sauti ya mwanamke aliye salama, akiimba, akikatiza, tss, akiendelea. Papa Anselme aliisikiliza akiwa amefumba macho, nikaona uso wake umelainika.

"Ni wapi hapa?"

"Kwa rafiki, papa."

"Ulimuomba?"

"Nilimuomba."

Akaniangalia kidogo. Kisha akasema kwamba ni kazi nzuri, na hakuwa mtu wa kusema hivyo. Sifa ile ndiyo iliyoniharibu kabisa. Kanda ilikuwa ya mchezo tu, ipite chini ya maneno ya Komiseri ambapo hakuna ambaye angeisikia vizuri. Lakini mimi nikaona ni hasara kuifunika. Jumamosi ile nikaiweka pia kwenye shindano, peke yake, sekunde kumi na tano, bila neno lolote juu yake. Nilitaka mji mzima usikie nilivyo na sikio.

Simu ilikuwa juu ya meza yangu. Nilipokea, nikaandika majina, na waliopatia niliwaunganisha na studio. Siku hiyo watu walipiga kuliko siku yoyote. Mmoja akasema ni Louvain, mwingine akasema ni nyumba ya watawa, wa tatu alitaka tu kumsalimia Komiseri. Kisha ikaja sauti ya upole.

"Mademoiselle, bonsoir. Ile kengele ni ya Basilique."

Akanyamaza. Na mimi, niliyeiandika hila ile kwa mkono wangu mwenyewe, nikamjazia kimya.

"Voilà, papa, umepata. Ni Koekelberg. Wa kwanza leo."

"Na chini kuna mamachines ya kufula."

Akanyamaza tena.

"Ndiyo, ni salon-lavoir. Papa, uko na sikio kabisa."

"Na ule mama mwenye anaimba," akasema, akizivuta silabi.

Hapo nikamtambua. Mkono wangu ulikuwa bado na kalamu, tayari kuandika jina la mshindi. Nilimsikia akipumua kwa utulivu, kama mtu aliyemaliza kula.

"Kaseti mupatie muntu mwingine," akasema. "Merci, mademoiselle."

Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro. Odile angerudi kutoka kazini saa moja na nusu. Kutoka kwetu hadi kituo cha metro cha Botanique ni mwendo wa kutembea, na kutoka hapo hadi Simonis ni vituo vichache; ningefika kabla yake, ningemsubiri mlangoni, ningemwambia yaya, chukua mfuko, twende. Nyumba ya kufulia ilikuwa na simu, na mwenye nyumba alimpenda, angempa ujumbe. Nilikuwa na nauli, nilikuwa na miguu. Nimejiuliza mara nyingi ni nini kilichonishika pale kitini na jibu halijawahi kuwa zuri. Ingenibidi niseme nilichofanya. Hilo tu. Ningemwambia auhame moto ule wa sakafu kwa sababu mimi nilitaka sifa. Basi nikaanza kujidanganya kwa hesabu za Komiseri: anajua Koekelberg, lakini Koekelberg ina milango elfu, Jumapili ni siku ya ibada, naye ni mzee wa kanisa, nitakwenda Jumatatu, kwa utaratibu. Wenzangu walikuwa wakishangilia simu nyingi za siku ile. Tukaenda wote kula Matonge, nikala makayabu, samaki wetu wa chumvi, nikanywa bia moja, na dereva wa teksi akanyanyua glasi kwa jina langu.

Papa Théo hakuhitaji milango elfu. Alihitaji nyumba za kufulia nguo zilizo karibu na kengele, nazo hazikuzidi mbili. Jumapili asubuhi alikuwa amesimama kwenye ngazi za Odile pamoja na wazee wawili wa ukoo, suti tatu safi, na kreti ya bia ya kuombea radhi, kama desturi inavyotaka. Hakumgusa. Aliomba msamaha mbele ya mashahidi, akalia hata, na mwanamke wa kwetu ambaye mumewe amelia mbele ya wazee hana tena mlango wa kupitia. Alirudi Ixelles siku hiyohiyo. Lile daftari la kozi lilibaki juu ya ubao wa pasi, na Clarisse ndiye aliyekwenda kulichukua.

Jumatano, Papa Anselme alikuwa amekwisha kupata habari kwamba Odile amepatikana juu ya nyumba ya kufulia nguo, karibu na Basilika. Matonge haifichi kitu. Aliweka ile kanda kwenye mashine, akaniuliza bila kunitazama, "Ulimuomba?" Nikasema, "Hapana, papa." Akabonyeza kitufe cha kufuta, tukakaa wote wawili tukiitazama ikizunguka mpaka mwisho, bila sauti. Kisha akasema, "Utaenda kumuambia. Si kesho kutwa." Nikaahidi. Sikio la Jumamosi likafa wiki ile, na Komiseri Chanda hakuchukua mwezi naye akapotea, kwa sababu niliacha kuandika.

Nafasi nzuri niliyopata ilikuwa Jumapili iliyofuata, wazee walipoita kikao cha ukoo nyumbani kwa Papa Théo. Nilikwenda kusaidia kugawa chakula, na nilikuwa nimeamua kabisa kusema. Sebule ilikuwa imejaa, wanaume kwenye makochi, wanawake kwenye viti vya kukunja, Odile karibu na dirisha akiwa amefunga kitambaa kipya cha ghali. Mzee mkubwa, baba mkubwa wa Théo, alisema kwamba mke amerudi, Mungu asifiwe, lakini Odile amebaki na kidonda: anataka kujua ni nani aliyetoa siri, kwa kuwa waliojua ni wachache. Papa Théo akapangusa midomo. "Papa, sitataja jina ya muntu. Nitasema tu kama ni muntu ya karibu njo alinionyesha. Ya karibu sana." Akaniomba maji, nikampelekea. "Merci, mademoiselle," akasema, kwa sauti ileile ya simu, akanitazama machoni, nikaelewa kwamba hatanitaja kamwe. Alihitaji dada wawili wagawanyike. Mke asiye na mdogo wa kumkimbilia hakimbii.

Macho yote yakamwendea Clarisse. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mwimbaji wa kwaya, mtu asiyeweza kudanganya hata bei ya kitambaa. Nilimwona akijichunguza, akirudi nyuma siku kwa siku akitafuta kosa, na akalipata. "Nilimuambiaka Maman Régine wa chorale," akasema polepole. "Sikusema adresse. Nilisema tu, yaya iko karibu na Basilique. Labda... labda njo ile." Mzee mkubwa akashusha pumzi, maana kikao kilikuwa kimepata mwisho wake, na chakula kilikuwa kinapoa. Kwetu, mwenye kosa akipatikana hupiga magoti, anayekosewa humshika mkono kumwinua, na jambo limekwisha. Clarisse akapiga magoti kwenye zulia la Papa Théo. "Yaya, nihurumie. Ni miye." Odile hakutoa mkono. Clarisse akakaa pale magotini, muda ukapita, mtoto wa mtu akakohoa. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili nyuma yake nikiwa na bakuli la sombe, na sombe ilikuwa ya moto, inanichoma vidole kupitia kitambaa, na sikuiweka chini. Mwishowe mzee akamwambia Clarisse anyanyuke mwenyewe.

Odile alikaa na Papa Théo miaka tisa mingine. Sikio lake la kushoto lilipotea mwaka wa pili. Niliambiwa ameanguka bafuni, nikampelekea machungwa hospitalini, nikakaa upande wake wa kulia. Mwaka wa tisa Théo alikwenda Kinshasa kwa mazishi, akapata mke kijana, akabaki huko. Odile akafanya ile kozi akiwa na miaka arobaini na tano. Kwa miaka hiyo yote Papa Anselme aliniuliza swali moja kila tulipokutana, kwenye ubatizo, kwenye harusi, kwenye foleni ya duka la unga wa muhogo. "Ulienda?" Nami nikijibu, "Bado, papa." Baadaye aliacha kuuliza, nikashukuru. Kisha mwezi mmoja kabla ya mazishi, hospitalini, akiwa na mipira puani na sauti imebaki nyembamba, akauliza tena. Nikasema bado. Akageukia ukuta. Muuguzi alidhani ana maumivu akamwongezea dawa.

Kwa hiyo pale ukumbini, Odile aliposema "ulikuwa pale" nami nikajibu "ndiyo, yaya" kwa mara isiyo na idadi, niliona aibu ambayo hata mimi mzoefu sikuwa nimeijua. Mwenye kuniuliza alikuwa amelala chini ya udongo tangu asubuhi. Nikamwomba Odile tutoke kidogo. Tukasimama kwenye korido, kati ya makoti ya watu, nikamwambia. Nilisema vibaya, nilianzia katikati, kwenye kengele. Akanisimamisha, akasogeza sikio lake zima karibu na mdomo wangu, akasema, "Anza tena." Nikaanza tena. Kinasa sauti chini ya ubao. Sekunde kumi na tano. Simu. Jinsi nilivyomthibitishia Théo jambo moja baada ya jingine nikimsifu sikio. Makayabu niliyokula jioni ile.

Hakunipiga. Nilitamani anipige. Alikaa kimya muda mrefu, na safari hii sikujazia.

"Clarisse alipiga magoti," akasema.

"Ndiyo, yaya."

"Aliomba pardon kwa kitu hakufanya. Mbele ya ule mwanaume. Na miye nilimuacha chini."

"Ndiyo."

"Mama yetu alipokufa, alikuya kulala mu chumba yangu. Nilimufukuza. Béa, nilimufukuza na mvula."

Hilo sikulijua. Nikaanza kusema nisamehe, akainua mkono wake kunizuia, mkono wa mzee anayesimamisha gari.

"Pardon yako sitaki. Si leo."

Akafungua mkoba, akatoa simu, akaisogeza mbali na macho kwa kuwa hakuwa na miwani. Kila mwaka mpya Clarisse alikuwa akimtumia ujumbe wa heri, nikaziona jumbe zote zikiwa zimepangana pale, hakuna iliyojibiwa na hakuna iliyofutwa. Odile akabonyeza namba. Akaweka simu iite kwa sauti kubwa, kati yetu. Iliita mara mbili tu.

"Yaya?" Clarisse akasema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Ni nani amekufa?"

Odile akaisogeza simu karibu na mdomo.

"Tumezika Papa Anselme, unajua," akasema. "Lakini si ile. Clarisse, usikate. Kuna muntu hapa iko na maneno yako. Alikawia nayo." Akanipa simu. "Sema yote. Na majina."

Niliishika kwa mikono miwili. Upande wa pili Clarisse alikuwa amekwisha kuanza kulia bila kujua kwa nini.

"Clarisse," nilisema, "ni Béa. Haikuwa weye."